Kiti cha Mrieny

Katika ukumbi wa Bunge, kiti cha jimbo la Mrieny, kule mlimani kwa Wachaga, kiling'oka sakafuni, kikaelea kimya juu ya vichwa vya wabunge, kikatua upande wa Jiji la Funguni. Hakikuguswa na mkono wa mtu. Ilikuwa kazi ya Mgawaviti, mashine yenye akili iliyohesabu watu Juni ya kila mwaka wa kumi, ikahamishia uwakilishi kule walikohamia. Kiti nacho hakikwenda peke yake: kilifuatwa na fungu la maji ya Mkamuawingu, mtambo uliokamua mvua kutoka mawingu ya mlimani.

"Mhandisi Aikande, hata kwenu hukukubakiza!" mbunge wa Funguni alimtania aliyeiunda mashine hiyo. "Wewe ni mzani usio na ndugu."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Aikande hakucheka. Sura ya mama yake ilikuwa imechomoza katika kioo cha mkononi.

"Mlituhesabu lini, mwanangu?"

"Juni, mama."

"Juni! Mchaga gani yuko kwao Juni? Ungekuja Desemba, ungekosa hata pa kuegesha gari."

Aikande alilijua hilo. Wenzake walikuwa wamependekeza kanuni ya kuwahesabu pia wanaorejea kwao kila mwaka. Aliifuta yeye mwenyewe, wasije wakasema binti wa Mrieny amependelea Mrieny.

Alipanda mlima siku iliyofuata. Tangu utotoni alikuwa akiujua mlango wa kwao kwa sauti ya mfongo, ule mfereji uliochimbwa na babu zake, ukipita kando ya migomba. Safari hii alilipita lango bila kujua, akarudi nyuma. Mfongo, uliolishwa na maji ya Mkamuawingu, ulikuwa umenyamaza.

Mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo wao, alikata jani la isale, akalifunga fundo kama wafanyavyo waombao radhi, akampa mama yake kwa mikono miwili. Kwa Wachaga, aletewaye isale hakatai.

"Nimelipokea," mama alisema, akimshika shavu. "Wala sisemi ulidhulumu. Ila migomba haijui isale."

Aliingia ndani kumtafutia mgeni wake maji ya kunywa. Aikande alichutama ukingoni mwa mfongo, akainamisha sikio hadi karibu na udongo mkavu, kama mtoto aliyeahidiwa kuitwa, akangoja sauti ya maji.