Aliyeitikia Jina la Shangazi

Mkono wa simu ulikuwa na mafuta. Kinanda aliufuta kwa kitambaa, akaurudia kwa sabuni, lakini simu ilipolia na akaipokea, kiganja chake kilibaki kinanuka nazi iliyochacha.

"Mafuta ya Shangazi, karibu," alisema kama alivyofundishwa. "Mimi ndiye Shangazi."

Upande wa pili hakujibu mtu. Ilisikika sauti ya kitana tu, kikipita taratibu kwenye nywele nzito.

Mama yake alimpa jina la Kinanda kwa sababu ya mdomo usiochoka. Sasa mjomba wake alikuwa amemwajiri ili mdomo huohuo useme uongo. Mjomba alikuwa mvizia majina. Alikaa mbele ya kompyuta kama inzi juu ya kidonda, akingoja biashara ya mtu isahau kulipia anwani yake ya mtandao, aidake, kisha awauzie wenyewe. Shangazi, mama aliyetengeneza mafuta ya nywele yanayojulikana mitaa yote, alipofariki, anwani yake iliisha muda familia ikiwa bado msibani. Watu wanalia, yeye anabofya! Utu gani huo?

Familia ilimshtaki kwa wasuluhishi: jina ni chapa yao, limesajiliwa zamani. Mjomba akajitetea kwamba naye anaendesha biashara halali kwa jina hilohilo. Ndiyo maana ya simu.

"Kila anayepiga, mwambie wewe ndiye," alisema huku akilamba vidole. "Tutawasikilizisha wasuluhishi rekodi. Aliyewahi ndiye mwenyewe, mpwa wangu."

"Na kama mwenyewe ni marehemu?"

"Basi hatabisha!" Akacheka mpaka mate yakaruka.

Wiki hiyo Kinanda alivuta unywele mrefu wenye mvi kutoka kwenye chai yake. Kesho yake aliuvuta mwingine kutoka kooni mwake, ukaja, ukaja, umelowa mafuta, hadi akatapika. Nyumbani mama alimwita asiitikie. Jina lake lilimpita kama la mtu wa nyumba ya jirani.

Kisha ikapigwa simu yenye mtu. Alikuwa mpwa wa marehemu, anayeendesha biashara sasa.

"Dada, unasema 'mimi ndiye'?" alinong'ona. "Hata sisi hatuthubutu. Tunasema 'hapa ni kwa Shangazi', basi. Marehemu alikuwa na jini lake, na lilimtambua kwa kuitikia jina hilo. Tangu azikwe linatafuta wa kuitika."

"Nifanyeje?"

"Likatae hilo jina mbele ya mashahidi. Useme wewe ni nani. Upesi, kabla hujajisahau."

Siku ya shauri wasuluhishi watatu walionekana kwenye skrini, mjomba akamfinya paja chini ya meza, na Kinanda alipofungua mdomo alisikia kitana kikianza nyuma ya sikio lake, mchana kweupe, taa zote zikiwaka, na harufu ya nazi iliyooza ikamjaa puani, na vidole vyenye utelezi vikaingia kwenye nywele zake kama vya mama anayemsuka mwanawe, vikivuta kichwa kirudi nyuma, vikimvutia neno moja tu, mimi, mimi, mimi, mpaka akalitema kwa kelele:

"Mimi siye! Mimi ni Kinanda, binti wa mama yangu! Jina hili limeibwa msibani!"

Vidole vikaachia. Mjomba akaondoa mkono chini ya meza. Saa hiyohiyo anwani ikaamriwa irudi kwa familia.

Alifika nyumbani mwepesi, akakaa sebuleni, akavuta pumzi. Hakukuwa na harufu yoyote. Kutoka jikoni, mama akaita kama kila siku:

"Kinanda!"

Kinanda akafumbua mdomo. Kabla hajatoa sauti, bafuni kuliitikiwa, kwa sauti yake yeye, ileile, yenye deko na kicheko:

"Abee, mama!"

"Ala! Leo umeitika mara moja, mwanangu! Njoo unishikie sufuria."

Mlango wa bafu ukafunguka. Nyayo zenye mafuta zikachapika sakafuni, chap, chap, zikampita kuelekea jikoni. Kinanda alijaribu kumwita mama. Koo lilijaa nywele. Zile nyayo zilisita kando yake, na sauti yake mwenyewe ikamnong'oneza kwa upole:

"Jina lako uliliacha wazi, mpwa wangu. Nimeliwahi."