Shefu Bila Ngozi ya Chui

Numbi alikuwa anapanga magunia ya makala, makaa ya kuuza, kwake, huku Annexe, pembeni ya Lubumbashi. Simu ikaita. Ni mjomba wake, kutoka kijijini, upande wa Kinsevere. Shefu wa zamani, mtawala wa kijiji, amezikwa na ngozi yake ya chui. Shefu mpya atakalia nini? Ukoo wa Numbi ndio wawindaji tangu mababu. Asipoleta ngozi, ukoo utapoteza nafasi yake barazani.

Numbi alijua chui jike mmoja, kule porini alikochoma makala. Akaanza kukunja waya za mtego.

Jirani yake Kapinga, anayefanya kazi na walinzi wa wanyama, akaziona.

"Papa Numbi, hizi waya ni za nini?"

"Mambo ya ukoo. Shefu mupya anataka ngozi ya chui. Weye, mutu wa Kasai, haujue."

"Hata Kasai iko bashefu. Sikia: ule chui wa pori yako iko na batoto babili. Ukimuua, nabo banakufa. Na chui banabakia kidogo sana."

Numbi akacheka kwa uchungu. Wakoloni, alisema, walibeba ngozi kwa malori wakawavalisha wake zao. Migodi ikala pori. Hakuna aliyeulizwa. Leo anaulizwa yeye, mwenye waya?

"Kasirika, uko na haki," Kapinga akajibu. "Balikula chungu muzima, bakatuachia ukoko. Sasa na ukoko, ni weye utaumaliza?"

Numbi akazidi kukunja waya. Kapinga akamweleza kwamba waya haichagui, inanasa mama na mtoto, na kwamba sheria inakataza. Falonne, mke wa Numbi, alikuwa kwenye cherehani yake.

"Shefu anaonekana kwa madoa," akasema. "Madoa, miye naweza kushona."

Numbi akaziweka waya chini. Wanawake wa ukoo wakashona na Falonne, kila mmoja doa lake, juu ya kitambaa kizito cha manjano.

Siku ya kumsimika shefu, mjomba alikitupa chini. Nguo ya soko, alisema. Numbi akakiokota, akakitandika kitini mbele ya wazee wote.

"Kukalia chui aliyekufa, kila shefu aliweza. Huyu wetu atakuwa na chui wazima."

 Shefu mpya akatazama madoa, akakaa. Vigelegele vikapasua uwanja. Siku ileile akapiga marufuku mitego, na makala pia, katika pori la chui.

Numbi sasa analilinda pori hilo. Yule jike anawinda huko na wanawe. Juzi ukoo wa ng'ambo ya mto ulimtuma mtu kwa Falonne: shefu wao naye anataka madoa.

"Nitashona," Falonne akamwambia. "Lakini kwanza mutoe mitego yenu yote. Bwana yangu atakuja kuangalia."