Mshipi wa Bibi Saturnina

Eulogia alikuwa akimenya viazi. Binti yake Wara, mwenye miaka minne, alikuwa uani akimkimbiza kuku. Alichechemea, kiuno kikienda upande. Kuku akamwacha mbali.

"Kuku mjeuri huyu!" Wara alifoka.

Watu walisema amezaliwa hivyo. Wazazi wake nao wakakubali, basi.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, akina mama wa kanisa walikuja kumwona mtoto mchanga wa Eulogia, Rufino. Kanisani kwetu ndivyo tulivyo: ukijifungua, hulali njaa. Walileta supu ya moto na blanketi za sufu. Bibi Saturnina alileta mshipi mrefu wa kumfungia mtoto, aliofuma mwenyewe.

"Nipeni mjukuu wangu," alisema. "Nimnyooshe miguu asije akawa na matege."

Aliibana miguu ya Rufino pamoja, akaanza kumzungushia mshipi na kuukaza.

"Bibi, hebu ngoja kidogo." Aliyesema ni Hilaria, nesi wa zahanati, ambaye huimba nao kwaya. Alikuwa akimtazama Wara. "Eulogia, na huyu alifungwa hivi?"

"Ndiyo, miezi sita. Bibi ndiye aliyenifungia. Kwani vipi?"

"Nyonga ya mtoto mchanga bado ni laini," Hilaria alisema. "Ukiinyoosha miguu na kuikaza, mfupa unaweza kutoka mahali pake. Mtoto halii. Unakuja kuona anapoanza kutembea."

"Mbona wengi niliowafunga wanatembea vizuri?" bibi aliuliza kwa ukali.

"Wengi hunusurika, bibi. Wengine hawanusuriki. Wara apelekwe akapigwe picha ya nyonga."

Bibi alimtazama Wara, kisha mikono yake mwenyewe. "Yesu wangu! Na mimi nilimfunga kwa mapenzi!" Akalia. Eulogia akalia naye. Angemlaumu nani?

"Sasa na baridi hii, tusimfunge?" Eulogia aliuliza.

"Mfunge kifua apate joto. Miguu iachie nafasi aikunje na kuitanua, kama chura. Ukimbeba mgongoni, mapaja yake yakukumbatie."

Bibi Saturnina mwenyewe alimfungua Rufino. Miguu ikajikunja papo hapo.

Picha ilionyesha kwamba nyonga ya Wara imetoka. Alipasuliwa mjini, na akina mama wa kanisa walipokezana kulala naye hospitalini. Daktari alimwambia Eulogia kwamba Wara angeletwa akiwa mchanga, huenda asingehitaji kisu. Maneno hayo bado yanamuuma.

Leo Rufino anakimbia, hata kuku anamkamata. Wara anatembea vizuri zaidi, ila bado anachechemea kidogo. Bibi Saturnina bado huwatembelea wazazi wapya na mshipi wake. Siku hizi huenda na Wara.

"Bibi, legeza hapo miguuni," Wara humwambia.

Bibi hulegeza tena, hata kama ameshalegeza.