Vidonge Katika Kopo la Vifungo

Baba alituacha siku ya Alhamisi; ugonjwa ulimkuta kazini. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikuwa anashona kola ya koti la mwalimu mmoja, na mguu wake ulikuwa bado juu ya pedali ya cherehani. Mpiga pasi wetu alidhani anasinzia. Akamtania kama kawaida yake, "Fundi, koti halijishoni lenyewe."

Baba hakujibu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea na mdomo umekwenda upande. Tulimfikisha hospitali akiwa hai. Jioni hakuwa hai tena.

Daktari alisema ni kiharusi. Presha ilipanda, mshipa wa damu ukapasuka kichwani. Akatuuliza kama mgonjwa alikuwa anatumia dawa. Sote tukasema ndiyo, mwaka wa tatu sasa. Tulisema tulichokijua.

Mimi ndiye binti yake mkubwa. Nilimaliza sekondari, kisha nikakaa kwenye cherehani ya pili, kushoto kwake, miaka tisa. Naandika haya ili nisiyasahau, na ili mwingine mwenye mzazi mgonjwa ayasome.

Baba alikuwa na desturi moja kazini. Hakukata kitambaa kabla ya kurudia vipimo. Akishampima mteja, alitundika futi shingoni, akasimama mbele yake na kusema kwa sauti, "Bega kumi na nane. Mkono ishirini na nne. Kiuno kisibane, maana unakula vizuri mchana. Ndivyo?" Mteja alicheka. Baba hakucheka, alingoja jibu.

Wengine walichoka. "Fundi, si umeshaandika?"

"Nimeandika nilichosikia," baba alijibu. "Nataka kujua kama ndicho ulichosema. Nikishakata, hata mkasi ukilia hausaidii."

Miezi miwili baada ya mazishi nililirudia lile koti la mwalimu. Lilikuwa linadai vifungo vitatu vya kahawia. Nikapanda kwenye kiti, nikashusha kopo la vifungo la baba kutoka rafu ya juu. Nilipolifungua sikuona vifungo. Lilikuwa limejaa vibahasha vya dawa kutoka kliniki. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya njano. Vibahasha vingi havikuwa vimefunguliwa.

Mpiga pasi aliniona nimesimama juu ya kiti, kopo mkononi. Mzee huyu tunamwita Moto, kwa ajili ya pasi yake na pia kwa ajili ya mdomo wake. Siku hiyo mdomo wake ulipoa.

"Alikuwa anakunywa Jumapili," akasema.

"Jumapili tu?"

"Vidonge vile vilimpeleka chooni kila mara. Na choo chetu unakijua kilipo, nyuma ya jengo zima. Mteja amesimama amevua koti, fundi anakimbia. Aliona aibu. Kwa hiyo akavinywa siku ambayo duka limefungwa."

"Na wewe hukusema, mzee?"

"Nilimwambia awaambie wa kliniki. Akaniambia hawajamuuliza."

Nilishuka kwenye kiti nikakaa. Nilikumbuka vizuri, kwa sababu nilimsindikiza mara nyingi. Muuguzi aliuliza, "Mzee, unakunywa dawa?" Baba akajibu, "Nakunywa." Hakusema uongo. Muuguzi akaandika kwenye kadi, akaita mgonjwa mwingine. Baba, ambaye hakuweza kukata hata mfuko wa shati bila kurudia vipimo, alitoka mle ndani kila mwezi bila kurudia neno lolote.

Nilipeleka kopo nyumbani, nikamweleza mama. Alilishika mapajani kwa muda mrefu. Kisha akaliweka kabatini, karibu na nguo za baba.

"Liache hapo," akasema.

Nikaliacha. Hilo lilikuwa kosa langu.

Lazima niseme jambo moja kuhusu nyumba yetu. Nyumba ya fundi cherehani haitupi kitu. Kipande cha kitambaa kikibaki kinakuwa mfuko. Mfuko ukichakaa unakuwa kitambaa cha kufutia vumbi. Vikichakaa kabisa vinajazwa ndani ya mto. Mimi nimelalia mabaki ya suruali za watu tangu utotoni.

Mama naye ana presha. Yeye alipewa kidonge kimoja cheupe kwa siku. Wiki tatu baada ya lile kopo kuingia kabatini, alianza kushika ukuta akisimama. Nikimuuliza anasema ni uchovu. Asubuhi moja nilisikia kishindo jikoni. Nikamkuta sakafuni, sufuria imebingirika hadi mlangoni.

"Nimeteleza," akasema.

Sakafu ilikuwa kavu. Mzazi mmoja nilikuwa nimeshamzika. Yeye ndiye aliyebaki.

Siku hiyohiyo tulikwenda kliniki. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa tano. Chumba cha muuguzi kilikuwa kidogo: meza moja, viti vinne, mzani, na dirisha linalotazama ukuta. Pembeni alikaa mwanamke mwenye miwani na daftari nene. Wagonjwa walikuwa wameshampa jina, Mama Daftari. Alisimama akatuamkia.

"Shikamoo mama. Mimi natoka chuoni. Nafanya utafiti juu ya mazungumzo ya wagonjwa na wauguzi. Nasikiliza tu, na sitaandika jina la mtu. Mkiona vibaya nikiwepo, nitatoka."

"Marahaba. Kaa, mwanangu," mama akasema. "Mimi sina siri."

Muuguzi alimfunga mama mkanda wa kipimo mkononi. Alikuwa mwepesi na mpole, lakini macho yake yalikuwa mlangoni, kwenye foleni.

"Presha imeshuka, mama. Hongera. Unakunywa dawa?"

"Nakunywa."

"Vizuri. Chumvi umepunguza?"

"Nimepunguza."

"Tatizo jingine hakuna?"

"Hakuna."

Nilifungua mdomo niseme habari ya kuanguka. Mama akanifinya paja chini ya meza. Mtu mzima, nimefinywa kama mtoto, nikanyamaza kama mtoto.

"Endelea hivyohivyo, mama," muuguzi akasema, akagonga mhuri kwenye kadi.

Tulipofika kwenye korido, Mama Daftari alitufuata.

"Samahani, mama. Swali moja tu. Umeambiwa ukafanye nini?"

"Nimeambiwa niendelee."

"Uendelee kufanya nini?"

Mama akanitazama. Kisha akatazama viatu vyake. "Hivyohivyo," akasema.

Mama Daftari hakucheka. Alitukaribisha kwenye benchi akakaa nasi. "Usione haya, mama. Nina wiki ya tatu hapa. Nikimuuliza mtu kama ameelewa, ananiambia ameelewa. Nikimwomba anieleze alichoambiwa, tunabaki kutazamana. Na wauguzi nao wanashangaa. Wao wanaamini wameshaeleza."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nilimweleza habari za baba, za vidonge vya Jumapili, na jibu lake la "nakunywa." Nilimweleza pia alivyokuwa anarudia vipimo. Alisikiliza bila kuandika. Nilipomaliza akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Pale dukani, nani alikuwa anarudia? Fundi au mteja?"

"Fundi. Yeye ndiye anayekwenda kukata."

"Na hapa kliniki, nani anayekwenda kukata?"

Nilifikiri kidogo. Muuguzi anatoa maelezo, halafu anabaki chumbani kwake. Anayekwenda nayo nyumbani ni mgonjwa. Yeye ndiye anayefungua kibahasha, yeye ndiye anayemeza.

"Mama," nikasema.

"Basi leo fundi ni mama. Hajarudia vipimo."

Mama akaguna. "Fundi gani, nami hata tundu la sindano silioni?" Lakini aliinuka pale tulipoinuka, na alishika ukuta.

Mama Daftari aliuona ule mkono ukutani. Alinitazama. "Hilo muuguzi analijua?"

"Ananifinya nikitaka kusema."

"Basi akae mbali nawe," akajibu, akagonga mlango.

Muuguzi hakufurahi kutuona tena. "Dada, nina watu arobaini nje."

"Najua, Sista. Nakuomba dakika tatu. Ile njia tuliyoizungumza Jumatatu, ijaribu kwa mama huyu."

Muuguzi alishusha pumzi. Halafu alifanya kitu ambacho sikuwa nimekiona hata siku moja nilipomsindikiza baba. Aliweka kalamu chini. Alivuta kiti akakaa mbele ya mama, magoti kwa magoti.

"Mama, nilisema harakaharaka. Nataka kujua kama mimi nimeeleza vizuri. Huu si mtihani wako, ni wangu. Kesho asubuhi ukiamka, dawa utazinywaje? Nieleze kama unamweleza jirani."

Mama akaanza, polepole.

"Naamka. Nakunywa chai. Nameza kile cheupe."

"Sawa."

"Halafu nameza kile cha njano."

Kalamu ilikuwa mezani, hakuna aliyeigusa.

"Cha njano ni kipi, mama? Mimi sijakupa cha njano."

"Cha mzee wangu," mama akasema. "Alikiacha kingi. Vidonge vizuri, vya serikali, nivitupe? Yeye alikuwa na presha, mimi nina presha. Nikasema nivimalize."

Muuguzi hakupandisha sauti.

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu."

"Na mwili unajisikiaje?"

Mama alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nimekaa mbali, kidole chake kisingenifikia. "Kichwa kinazunguka nikisimama," akasema. "Leo asubuhi nimeanguka."

Muuguzi alimpima tena, mara hii akiwa amekaa na mara nyingine akiwa amesimama. Akamwita daktari. Damu ikachukuliwa. Mama alilazwa kwenye kitanda cha pembeni, akapewa maji, akabaki chini ya uangalizi hadi jioni.

Alipopata nafasi, muuguzi alikuja kukaa kitandani kwake.

"Mama, dawa hizi zinafanana kazi lakini si dawa moja. Ile ya njano inatoa maji mwilini. Ukiichanganya na yako, presha inashuka kupita kiasi. Ndiyo maana unaanguka. Mimi nikasema hongera. Dawa ya mtu ni ya huyo mtu. Hata mume wako. Hata kama ugonjwa mna mmoja."

"Nimesikia," mama akasema.

"Kusikia hakunitoshi leo. Niambie utafanya nini."

Mama akatabasamu, mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. "Cheupe kimoja, baada ya chai. Kile cha njano sikigusi. Kopo nakuletea wewe. Kichwa kikizunguka nakaa chini, namwambia huyu binti, na simfinyi."

"Na tuonane lini?"

"Wiki ijayo, siku kama ya leo."

"Hapo umerudia vipimo," nikasema. Mama aligeuza uso ukutani, akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya khanga.

Baadaye, tukiwa wawili, aliniambia, "Sikuvimeza kwa ubahili. Baba yako hakuwahi kuacha kazi nusu. Niliona vile vidonge, nikaona kazi aliyoiacha nusu. Nikataka kummalizia."

Nilimshika mkono.

Nilimuuliza muuguzi swali moja. Kama baba angesema habari ya choo, ingekuwaje?

"Tungepanga naye saa nyingine ya kunywa," akasema, "au daktari angembadilishia. Dawa za presha ziko nyingi. Angetuambia tu."

"Hamkumuuliza anakunywaje," nikasema. "Mlimuuliza kama anakunywa."

Angeweza kujitetea. "Kweli," akasema. "Hatukumuuliza."

Neno lile halikumrudisha baba. Lakini nililihitaji.

Mwezi uliofuata Mama Daftari aliwakusanya wauguzi na wagonjwa pale kwenye mabenchi, akatusomea aliyoyaona. Hakutaja mtu. Alisema watu wengi hukubali kwa heshima, au kwa aibu, au kwa sababu foleni ni ndefu. Alisema swali la kujibiwa kwa neno moja huleta neno moja. Akawaomba wauguzi waulize "unakunywaje" badala ya "unakunywa." Akatuomba sisi tusiinuke kitini kabla ya kurudia, na tuje na dawa zote zilizomo nyumbani, hata zile tusizozipenda. Moto, aliyezima pasi yake siku hiyo ili aje, aliinua mkono.

"Na kama dawa inanikimbiza chooni, niseme mbele ya binti mdogo kama huyu Sista?"

Watu wakacheka. Muuguzi akajibu, "Sema, babu. Mimi naambiwa habari za choo tangu saa moja asubuhi."

Moto naye akaenda kupimwa. Sasa ana kadi.

Koti la mwalimu nililimaliza. Alipokuja kulichukua nilimsomea vipimo vyake kutoka daftari la baba, naye akasimama wima akasikiliza hadi mwisho.

Vidonge vya njano vilirudi kliniki. Kopo liko kwenye rafu yake, nami nimelijaza vifungo.

Mama hajaanguka tena. Kliniki yake ni Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Namsindikiza hadi mlangoni. Anaingia peke yake, na mimi namngoja kwenye benchi.