Kofia ya Mbaka

Hebu pata picha ya baa moja huko Mitunguu, Jumapili saa tisa mchana. Jua ni kali, malori ya ndizi yameegeshwa nje, na jukwaani kuna kiti kimoja kitupu. Kiti hicho kimelowa maji, ingawa mvua haijanyesha kwa wiki tatu.

Muthamia alikipangusa kwa leso, akaketi. Alikuwa amepiga gitaa la besi usiku kucha kule Embu, na vidole vilimuuma. Hezekiah, kiongozi wa bendi, alikuwa amemwomba amshikie nafasi mpiga besi wao, Mbaka.

"Ni mgonjwa?" aliuliza Muthamia.

"Hayuko tu, mzee. Vaa kofia yake. Watu wamekuja kumsikiliza Mbaka; wakiona kofia watatulia."

"Na nikisinzia hapa?"

"Sinzia tu, bora vidole visisinzie."

Kofia ilinuka matope. Hezekiah akashika maikrofoni, akatangaza, "Na kwenye besi, Mbaka!"

Katika bendi, ukitajwa hujibu kwa mdomo. Unajibu kwa chombo chako. Muthamia, kwa uchovu na mazoea, akajibu.

Wimbo wa tatu, aliinua mkono ajifute jasho. Besi iliendelea kulia.

Akaurudisha mkono haraka, lakini nyuzi zilikuwa baridi na zinateleza, na vidole vyake vikaanza kukimbia njia ambazo hakuwahi kujifunza, huku maji yakichuruzika kutoka kwenye kofia hadi shingoni, na pumzi yenye harufu ya majani ya ndizi yaliyooza ikihema sikioni mwake, polepole, kama ya mtu anayesubiri kupishwa kwenye kiti chake.

"Kaari," alimnong'oneza mwimbaji aliyesimama karibu, "mikono hii si yangu. Mbaka yuko wapi?"

Kaari alitazama chini. "Tulimzika Ijumaa. Alianguka kwenye mfereji wa maji ya mashamba. Hezekiah alisema baa ikijua, itatafuta bendi nyingine."

"Basi nitajie jina langu. Nalitafuta, silipati. Linakuja lake tu."

Kaari akamnyang'anya Hezekiah maikrofoni. "Ndugu zangu, tumewadanganya. Mbaka amekufa. Wimbo huu ni wa kumuaga. Anayepiga besi ni Muthamia, wa Kianjai."

Wanywaji wakasimama, mmoja mmoja, wakavua kofia. Muthamia naye akaivua ile, akainuka, akaiweka kitini. Besi ikanyamaza. Kisha nyayo zenye maji zikasikika zikishuka jukwaani, chwa, chwa, bila haraka, kuelekea upande wa mfereji.

Usiku huo, nyumbani Kianjai, mkewe Makandi alimwita mara tatu, "Muthamia!", kabla hajageuka. Alipogeuka, aliuliza kwa upole, "Unamwita nani?"

Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: mtu akikushikia nafasi, hata kwa saa moja, mtaje kwa jina lake.