Fahali Aliyeitwa Federer

Wallahi, haya ninayoyasimulia ni kweli tupu, kuanzia kwato mpaka pembe. Sikuyaota, sikuyaokota kwa jirani, wala sikuyatia chumvi. Atakayenikamata na uongo mmoja tu, gunia langu la mchele wa mashamba ya Hewani, lile nililolisukuma uvunguni nisije nikaombwa, ni lake.

Siku ya mnada, mji wa Garsen hauna adabu. Ng'ombe hupita barabarani kama wenye mji, malori ya Lamu hupiga honi kwa zamu, na vumbi huingia mpaka ndani ya chai. Siku moja kama hiyo Nuriya binti Bwanamkuu, fundi cherehani aliyetoka Kipini, alivuka barabara kutoka kibandani kwake kwenda hoteli ya Zamzam kutafuta chai ya tangawizi. Alivaa dera la zambarau alilojishonea mwenyewe, na sindano zimechomwa kifuani kama nishani za askari mstaafu.

Hoteli ilijaa wanaume waliokuja kutazama mpira. Mpira haukuwapo. Mitambo ilikuwa na yake siku hiyo, na mahali pa mpira pakatokea fainali ya zamani ya tenisi, ile ya Wimbledon ya mwaka 2008, uwanja wa nyasi, Federer na Nadal. Watu wakaguna. Mmoja akataka taarifa ya habari, mwingine sinema ya Kihindi. Zamzam, mwenye hoteli, akanyanyua rimoti.

"Iache hapo," zikasema sauti mbili kwa pamoja.

Moja ilikuwa ya Nuriya. Ya pili ilitoka mlangoni, kwa kijana mrefu mwenye kikoi cha kijani na shati jeupe lililopigwa pasi kwa heshima ya mnada, fimbo ya ng'ombe mkononi. Huyo alikuwa Dado, Muorma wa upande wa Minjila, mfugaji na mchuuzi wa mifugo. Akaja akaketi benchi la pili na chai yake, akamuuliza Nuriya yeye ni shabiki wa nani.

"Federer," Nuriya akasema.

"Pole, dada. Leo anashindwa."

"Najua. Nimeitazama mara nyingi. Kila mara natumaini safari hii watakosea, atashinda."

Dado hakukusudia kucheka, lakini chai ilimtoka puani.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, nao haujaisha mpaka leo. Dado alikuwa wa Nadal. Alimjulia kwenye simu, machungani, na kilichomvuta kwanza ni viatu: vilikuwa na nembo ya pembe za fahali. Halafu akasikia kwamba huyo bwana kwenye uwanja wa udongo hana mpinzani, mashindano ya Ufaransa kayachukua mara kumi na nne. Kwa mtu aliyezaliwa katika matope ya Tana, hoja ilikuwa imekwisha.

"Mwanamume ni wa udongo," alisema. "Nyasi ni za kulisha."

Nuriya akamjibu kwamba kushinda si kupiga kwa nguvu kama anayepasua kuni. Amtazame Federer, raketi inavyofunguka kama bawa, mtu hata jasho hatoki. Tena huyo Nadal wake anatumia mkono wa kushoto, na kwao Kipini mkono wa kushoto haupokei hata haluwa. Dado akainua fimbo yake. Aliishika kwa mkono wa kushoto. Nuriya akautazama mkono ule kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema kwa fimbo si vibaya.

Ndipo akaingia Hodan, mwenye duka la dawa, mtu aliyezoea kuhesabu vidonge. Akasema wanapoteza pumzi. Djokovic ana mataji makubwa ishirini na manne, Nadal ishirini na mawili, Federer ishirini. Mwenye vidole na ahesabu. Dado na Nuriya wakamgeukia kwa pamoja, wakamwambia mapenzi hayahesabiwi kama dawa ya minyoo. Lilikuwa jambo la kwanza duniani walilokubaliana, na Hodan aliliona kabla yao.

Tangu siku hiyo Dado akawa na shughuli mjini hata siku zisizo za mnada. Kanzu yake moja ilipunguzwa urefu, ikarudi kuongezwa, ikarudi kupunguzwa. Mchana alipiga simu kutoka machungani, akiwa amepanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Alianza na Nadal, akaishia kwingine.

"Umekula?"

"Nimekula. Na Federer ndiye bora."

"Sikukuuliza hilo, laazizi."

Neno hilo la laazizi alilipata kwa Nuriya mwenyewe, na alilitamka kama mtu aliyebeba yai.

Ni katika simu hizo Nuriya alimwambia habari za babake. Mzee Bwanamkuu alifagia uwanja wa tenisi wa hoteli moja ya watalii Malindi miaka mingi. Hakuwahi kushika raketi ya mtu bila ruhusa, lakini aliujua mchezo kwa mlio wa mpira, naye akamfundisha bintiye. Federer alikuwa mtu wake. Mzee alifariki mwaka ule ule Federer alipoagana na mchezo, na Nuriya alipolitaja jina lile alikuwa anamtaja babake kwa mlango wa nyuma. Dado akaibana simu sikioni juu ya kichuguu chake. Akasema amesikia.

Wiki iliyofuata, siku ya mnada, Nuriya akasikia kelele barabarani. Akachungulia dirishani na futi yake shingoni. Dado alikuwa anakuja katikati ya barabara, kanzu imepunguzwa vizuri, mbele yake fahali mweupe mwenye nundu kama gunia la sukari, kamba shingoni.

"Federer," Dado akaita, akimgusa ubavuni kwa fimbo. "Federer, sogea."

Hoteli nzima ya Zamzam ikatoka nje. Fahali akasimama mbele ya kibanda cha Nuriya, akatanua miguu, akakojoa kwa utulivu mkubwa. Mtu mmoja akasema Federer ameulowesha uwanja, mechi iahirishwe. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Dado akacheka nao, uso umemchanua. Alikuwa anamsubiri Nuriya atoke.

Nuriya alitoka.

"Jina alilolipenda babangu umempa mnyama wa kuswagwa?" alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwetu mtu akitaka kumtukana mwenziwe humwita ng'ombe. Wewe umemfunga na kamba."

Kiswahili chote cha Dado kikamkimbia. Kilichobaki kilikuwa maneno matatu.

"Lakini ni mweupe," akasema.

Nuriya akarudi ndani, akafunga dirisha, na jioni akaifungia namba yake ya simu. Mto ukajaa, maji yakameza malisho ya Minjila, na Dado akapandisha ng'ombe mpaka Nanighi, kule juu mtoni, pamoja na wenzake. Zamzam alipoleta habari hiyo, Nuriya akasema safari njema, akashona mkono wa kulia wa gauni la mtu upande wa kushoto.

Hodan alimwambia asiyeulizwa hajibu. Nuriya hakuuliza. Aliona akiuliza atakuwa amemwacha babake achekwe barabarani mara ya pili.

Kisha akaja mama mmoja mwembamba, shuka la maua limefunika kichwa na mabega, mkononi kibuyu cha maziwa. Alitaka ashonewe gauni. Nuriya alipouliza jina la kuandika, akasema Kaltuma, mama Dado. Akaketi kabla hajakaribishwa.

"Wewe umekataa jina," akasema.

"Mama, mimi sikukataa. Mwanao alimtusi babangu."

Kaltuma akafikiri. Kiswahili chake kilitembea polepole, lakini hakikupotea njia.

"Ukoo wetu, fahali mweupe hapati jina la mzaha. Baba yake Dado alikufa, jina lake tulipa fahali. Huyo hachinjwi, hauzwi. Jioni naita ng'ombe, naita mume wangu, na anakuja." Akasogeza kibuyu mezani. "Huyo sasa mzee. Huyu wa Dado ni mtoto wake. Dado alisema, baba ya Nuriya hana mtu wa kumwita jioni."

Nuriya akasimama kumpima mabega. Alipima mara mbili, na mara zote mbili hakuona namba kwenye futi. Mama Kaltuma alipoondoka, akaifungua namba ya Dado, akapiga.

"Federer yuko wapi?" akauliza, bila salamu.

"Yuko hapa. Anacheua."

"Amekonda?"

"Kidogo. Majani ya huku si kama ya Minjila."

"Mwite nisikie."

Dado akaita. Aliliita jina lile kwa kulivuta, kwa sauti ya machungani ambayo hakuna mtangazaji yeyote amewahi kuitumia. Kwa mbali zikasikika kwato, zikakaribia, na pumzi nzito ikajaa ndani ya simu. Nuriya akashika ukingo wa cherehani.

"Uliwaona siku ile ya kuagana?" akauliza hatimaye. "Federer na Nadal, wameketi pamoja, wanalia, wameshikana mikono?"

"Niliwaona. Niliwapa ng'ombe mgongo wasione uso wangu."

"Basi rudi. Nenda Kipini kwa ami yangu Abdulbasit, useme la kusema. Na fahali uje naye. Ila usimpitishe mbele ya hoteli."

"Na bora ni nani?"

"Federer."

"Nuriya."

"Laazizi, fahali nimemkubali. Usitake yote siku moja."

Dado hakungoja maji yapungue. Alifika ukingoni mwa mto karibu na Hewani, akamshika Federer mkia, wakajitosa. Katikati mamba wawili wakawajia, mmoja kila upande. Fahali akampiga wa kwanza pembe, akampiga wa pili teke, kushoto na kulia, kama anarudisha mipira, na nyani wote wa msituni wakageuza vichwa huku na huku wakifuata mchezo...

"Babu," Nuriya akasema.

Nilikuwa nimeketi kibandani kwake nikingoja suruali yangu itiwe kiraka, na Zamzam na Hodan walikuwa wamekuja kusikiliza. Alisimamisha cherehani, gauni lake la harusi limeshikwa na sindano nusu njia.

"Federer alikuja kwa lori, babu. Mto hakuuona. Yule akikuta dimbwi anazunguka."

Nikasema labda alikuwa fahali mwingine. Hodan akanikumbusha kiapo, neno kwa neno, na Zamzam akatuma mkokoteni kwangu kulichukua gunia kabla suruali haijaisha.

Pilau ya harusi ilipikwa kwa mchele wangu. Nilikula sahani mbili nikijaribu kukomboa sehemu ya mali. Federer alisimama uani na ua la asmini penye pembe, akiwatazama wageni kama watu waliokata tiketi. Bwana arusi na bibi arusi walikuwa wanabishana taratibu, vichwa vimekaribiana.

Watu wakanigeukia mimi, mzee, niseme katika wale watatu nani hasa ni bora. Jibu ninalo, na ni kweli tupu. Lakini sina gunia jingine.