Beseni la Meno

Siku waliyokutana, soko la Tooting, huko ughaibuni, lilijaa watu mpaka mlangoni. Zein, kijana wa Mombasa anayeendesha tramu huko Croydon, alikuwa na shati jeupe lililonyooshwa pasi, mkononi mihogo ya kukaanga ya kibanda cha Rajesh, simu sikioni, na anatafuna upande mmoja. Msichana wa hijabu ya zambarau aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alimsubiri amalize kuongea na mamake.

"Kaka, hilo jino la kushoto utaliacha mpaka lini?"

"Nani kakwambia nina jino bovu?"

"Shavu lako. Limevimba nawe unajifanya huoni."

"Kwani wewe daktari?"

"Bado. Inshallah."

Jino liling'olewa wiki ile ile. Moyo nao ukabaki kwa msichana huyo, Miska, binti wa Unguja anayeishi Edmonton na mama yake.

Miska alikuwa akiomba kusomea udaktari wa meno. Mwaka uliopita chuo kilimkataa; alama alikuwa nazo, ila waliomhoji walitaka kujua amewahi kumhudumia nani kwa mikono yake. Safari hii alihitaji kazi ya kujitolea, na mtu wa kuithibitisha kwa barua kabla maombi hayajafungwa. Shangazi yake Zein, mwenye kliniki ya meno Tooting, akamwekea nafasi. Miska akaikataa, akachagua nyumba ya kulelea wazee.

"Kwa shangazi yako ningesimama pembeni kutazama," alisema. "Huku nawasafisha watu vinywa."

"Mpenzi, barua ya daktari na barua ya nyumba ya wazee hazilingani."

"Zein, usinichagulie."

Neno hilo lilimchoma, na mwanamume aliyechomwa na mpenzi wake hatulii, hutafuta la kufanya hata pasipo na la kufanya. Jumamosi asubuhi akatokea nyumba ya wazee na sambusa za kuombea msamaha. Miska alimpitisha mlango wa nyuma, ingawa mkuu wa zamu, Mama Célestine wa Bukavu, alikuwa amekataza wageni huko ndani.

"Kaa hapa unisubiri. Namwogesha Bi Daisy."

Lakini Zein alilelewa kwamba anayetafuta mke haendi kukaa kitako watu wakifanya kazi. Katika chumba cha kuoshea aliona vikombe vimepangwa, kila kimoja na jina la mwenyewe, na ndani yake meno ya bandia yaliyolala majini usiku kucha. Alikunja mikono ya shati. Akayamimina yote katika beseni moja, akayasugua kama vyombo vya harusi, akavisuuza na vikombe. Kazi ilimpendeza. Kisha akakimbilia zamu yake, na kwa kuwa dereva haruhusiwi simu, akaizima. Kabla ya kuizima alituma ujumbe: Nimekuachia zawadi chumba cha kuoshea.

Miska alifungua mlango akitabasamu. Beseni lilikuwa limejaa meno, ya juu na ya chini, yametakata, na hayajulikani ya nani. Alipiga simu. Imezimwa. Akapiga tena, na tena.

"Nani aliweka meno yote fasi moja?" Mama Célestine alikuwa amesimama mlangoni.

Jina la Zein lilimfika Miska ulimini. Akalimeza.

"Ni mimi, Mama."

"Wewe, unayeosha moja moja kila wiki?"

"Mimi."

"Basi barua usiniulize tena."

Meno mengi Miska aliyatambua, maana alishayazoea kwa umbo na kwa yalivyolika. Ya Bi Daisy na ya jirani yake yalifanana mno, na Miska alikataa kubahatisha kinywani mwa mtu. Ilibidi daktari wa meno asubiriwe hadi Jumatatu. Mchana binti yake Bi Daisy alikuja kumtembelea. Bi Daisy aliongea naye muda wote kitambaa kikiwa mdomoni, akakataa kupigwa picha. Miska aliingia stoo akalia.

Jioni Zein akapiga. "Umeipenda zawadi, kipenzi?"

"Umechanganya meno ya watu."

"Nimeyaosha."

"Umeyachanganya, Zein. Bi Daisy ameficha mdomo mbele ya mwanawe. Na nimesema ni mimi, kwa hiyo barua sina."

"Basi usilie. Nampigia shangazi sasa hivi, barua utapata kesho."

"Unadhani nalilia barua?"

Miska akakata simu, na hakuipokea tena.

Jumatatu, daktari alipokuwa akimvalisha Bi Daisy meno yake, Zein aliingia kwa mlango wa mbele akiwa na sare ya kazi. Alimwomba radhi bibi kwanza. Kisha akamgeukia Mama Célestine akamweleza yote.

Mama Célestine alimtazama Miska. "Kumbe uliingiza mgeni, halafu ukanidanganya."

"Ndiyo, Mama." Miska aliona chuo kikimponyoka mara ya pili.

"Barua nitaandika. Nitaandika mgeni, nitaandika uongo, nitaandika na ile kukataa kubahatisha. Kuituma ao kuiacha, ni juu yako."

Kwenye kituo cha basi mvua ilikuwa inanyunyiza. Miska alisimama amempa Zein mgongo.

"Usiitume," Zein alisema. "Watakukataa."

"Naituma. Ndiyo kazi niliyoifanya, na makosa yake."

Zein alitafuta pa kushika. "Mama alisema wazee waje kukuposa ukishapata chuo."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nakutaka wewe."

"Basi waje kabla ya majibu. Wakija baada, sitajua wamemfuata Miska au wamemfuata daktari."

Basi la Miska lilifika, likafungua milango, likaondoka bila yeye. Zein alikuwa ameshapiga simu Mombasa.

"Mama, mwambie ami yangu wa Tooting awakusanye wazee. Jumapili hii."

Sauti ya mama yake ilisikika mpaka kwa Miska. "Kwani ashapata chuo?"

"Bado, Mama. Na huenda asipate."

Miska akageuka.